Sentimita Tatu za Dada Futi

Katika duka la baiskeli kulikuwa na ukuta mmoja uliojaa alama za penseli, na kila alama ilikuwa urefu wa miguu ya mtu. Si kimo chote cha mtu tangu unyayo hadi utosi, la. Ni tangu sakafuni hadi pale miguu miwili inapokutana, kwa sababu baiskeli haina habari na kichwa chako kimefika wapi. Mwenye ukuta huo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya kushtukashtuka, na wateja walimwita Dada Futi. Kaka yake, aliyekuwa fundi wa duka hilohilo, alimwita mdogo wangu alipokuwa na raha naye, na bibi mwoga alipotaka kumchokoza.

Na mwoga alikuwa kweli, hatumfichi. Aliogopa ngazi. Aliogopa mbwa wa jirani aliyemjua tangu hajafumbua macho. Aliogopa simu ikilia alfajiri. Zaidi ya vyote aliogopa baiskeli. Miaka kumi na moja aliwapima watu waliokuja kununua baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana yenye meno, na hata siku moja hakupanda. Wateja hawakujua. Nani humwuliza mpishi kama amekula?

Lakini woga huohuo ndio uliomfanya mpimaji hodari. Alimtaka mteja avue viatu, aweke visigino ukutani, kisha abane kitabu cha jalada gumu katikati ya mapaja na kukivuta juu mpaka kimkae kama tandiko. Wengine walicheka, wengine waliona haya na kutazama dari. Yeye hakucheka. Alichora mstari usawa wa mgongo wa kitabu, akapima kutoka sakafuni, akapiga hesabu yake, ndipo akaenda kwenye safu ya fremu. Aliwaeleza kwamba fremu ikiwa ndogo mno, magoti yatauma na mgongo utalalamika. Ikiwa kubwa mno, utaipenda kila siku mpaka siku utakapotaka kusimama. Hapo utanyoosha mguu kutafuta ardhi, na ardhi haipo.

Maneno hayo hakuyasoma mahali. Alipokuwa na miaka minane, kaka yake akiwa na kumi na miwili, waliichukua baiskeli ya baba bila ruhusa. Ilikuwa ndefu kama farasi. Kaka aliiendesha amesimama kwenye pedali, maana kwenye tandiko hakufika, na yeye alikaa nyuma kwenye keria ameshika shati la kaka kwa mikono miwili. Walipoanza kuteremka kuelekea kwenye kalavati, woga ulimshika, akapiga kelele: simama! Kaka akabana breki. Akanyoosha mguu, mguu ukaelea hewani, na wote watatu, yeye, kaka na baiskeli, wakaenda chini upande wa kushoto. Yeye aliangukia juu ya kaka. Kaka aliangukia jiwe, fremu ikamlalia gotini. Goti lilipona kwa namna yake lenyewe, kombo, na tangu siku hiyo kaka hutembea kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja.

Nyumbani kaka alikaripiwa peke yake kwa kuchukua kitu cha watu. Hakusema neno kuhusu ile kelele. Naye hakusema. Miaka ikapita thelathini na zaidi, kaka akajifunza ufundi kwa sababu kazi za kutembea hazikumfaa, akafungua duka, akamwita dada yake aje amsaidie, na ile kelele ikabaki ndani ya dada kama mwiba ulioota ngozi juu yake. Kila alipompima mtu alikuwa anampima kaka yake wa miaka kumi na miwili.

Sasa tuje kwenye futi yenyewe. Ilikuwa futi ya kitambaa, kama ya mafundi cherehani, na ncha yake ililiwa na mashine ya kunoa siku za mwanzo kabisa za duka. Zilipotea sentimita tatu. Futi ikawa haianzi kwenye sifuri; inaanza kwenye tatu. Mtu mwingine angeitupa, lakini kaka alikuwa mtu wa kutunza hata nati isiyo na bolti yake, akasema futi nzima ya nini ikiwa akili ipo. Basi ikawa sheria ya duka: soma, kisha toa tatu. Dada Futi alitoa tatu kwa miaka kumi na moja, hata usingizini angetoa tatu.

Wifi yake, mke wa kaka, hakuipenda aibu ile. Akaja siku moja na futi mpya, ya manjano, nzima, yenye kibati nchani. Akaitundika kwenye msumari na kuitumbukiza ile ya zamani ndani ya mtoto wa meza. Kwa siku kumi wakapima na futi mpya, na Dada Futi ilimchukua siku tatu za kujikwaa ili aache kutoa tatu. Akaacha. Mazoea yana taabu: kuyapata ni kazi, na kuyaacha ni kazi, na katikati ya kazi hizo mbili ndipo mtu hupotea.

Siku ya Alhamisi wifi aliiazima futi mpya akapime mapazia ya nyumbani. Saa tisa alasiri akaingia Kibiriti.

Kibiriti alikuwa mkaguzi wa bomba katika ofisi ya maji. Alikuwa mfupi na mwepesi kuwaka, ndiyo asili ya jina. Kazi yake ilikuwa kushuka na bomba kubwa kutoka kwenye tangi lililo juu mlimani hadi mjini, akitazama panapovuja, na ofisi ilikuwa imekubali hatimaye kumpa baiskeli badala ya kumchosha kwa miguu. Alikuwa na haraka. Dada Futi akatafuta futi msumarini, hakuiona, akavuta mtoto wa meza, akatoa ya zamani. Akapima. Akasoma sabini na sita. Hakutoa tatu.

Akamletea fremu ya kati. Kibiriti, ambaye alikuwa ameshavaa tena buti zake za kazi zenye soli nene, akaipanda palepale sakafuni na kusimama, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu yake. Nafasi juu ya bomba hilo ilikuwepo, vidole viwili hivi. Mlimani hutakiwa vinne, lakini Dada Futi alijisemea namba ni namba. Kibiriti akasema anaiona imekwenda juu kidogo.

“Futi haidanganyi,” Dada Futi alimwambia.

Alisema kwa upole na kwa uhakika, naye akaamini. Kibiriti akaondoka akiisukuma baiskeli mpya kama mtu anayempeleka bibi harusi nyumbani.

Ijumaa asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kujua kila kitu chake kwa tarakimu. Kabla hajapimwa alitangaza kwamba yeye ni sabini na tisa, amepimwa na fundi wa suruali mwezi uliopita. Dada Futi akapima na kusoma themanini na mbili. Mwalimu akasema labda ameota upya uzeeni, akacheka. Dada Futi alianza kucheka naye. Kisha akatazama mkono wake, na mkononi mwake ile futi ilikuwa ya zamani, na mwanzo wake ulikuwa tatu.

Aligeuka ukutani akautafuta mstari wa jana, akaupata, akapiga magoti na kupima tena, akatoa tatu kwa sauti kama mwanafunzi ubaoni. Sabini na tatu. Miguu ya Kibiriti ilikuwa ya sabini na tatu, na fremu aliyompa ilikuwa ya mtu mwingine.

Akampigia Kibiriti simu. Haipatikani. Akapiga ofisi ya maji, ambako mpokea simu alimwambia bila wasiwasi wowote kwamba mkaguzi amepandishwa na lori tangu saa mbili, yeye na baiskeli yake mpya, na kwamba juu kule mtandao hakuna. Angekagua tangi kwanza. Kwenye saa nne angeanza kushuka. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini.

“Kaka,” alisema, “nimempa Kibiriti fremu kubwa.”

Kaka alikuwa ananyoosha spoku za gurudumu. Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe mpaka likakoma. Hakuuliza imekuwaje, kwa sababu aliiona futi mkononi mwake. Alitazama goti lake kwanza, kisha mlango.

“Mimi sitaupanda mlima ule. Nenda wewe. Simu nitakaa nayo mimi.”

Njia ya bomba iliishia nyuma ya mtaa wa magereji, mwendo wa robo saa kutoka dukani. Dada Futi alikwenda kwa dakika nane, kandambili mguuni na futi shingoni, watu wakimpisha. Walifikiri amefiwa. Kila alipovuta pumzi aliiona picha ileile: breki zinabanwa, mguu unanyooka, mguu unaelea.

Mtaa ukaisha, mlima ukaanza, na hapo akapata hofu ya pili, maana ile ya kwanza haikutosha. Njia ilikuwa na upana wa mkokoteni. Kulia kwake unapopanda palikuwa na genge, tupu, halina hata kichaka cha kumdaka mtu. Kushoto palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, kisha mwamba. Katikati bomba lilijitokeza na kuzama, likijitokeza tena. Mtu anayeogopa ngazi ya hatua tano alikuwa anapanda mahali pale peke yake, macho yake yameganda kwenye vidole vyake vya miguu. Mara mbili aliketi chini, si kwa kuchoka. Alisema moyoni kwamba atarudi, kwamba Kibiriti ni mtu mzima, kwamba huenda amegundua mwenyewe na anashuka kwa miguu. Kisha akakumbuka alivyomwambia kwamba futi haidanganyi, na akainuka.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wasema wahenga. Wahenga hawakusema mwoga akimpeleka mwenzake kilioni huwaje.

Alifika kwenye kibanda cha koki, chumba kidogo cha matofali kinachofungwa kwa kufuli, na mbele yake kulikuwa na kizingiti kirefu cha zege kando ya njia, upande wa mwamba, kimo cha goti. Akakipita. Alikuwa amepanda hatua hamsini hivi juu yake aliposikia breki zikilia.

Kibiriti alitokea kwenye kona ya juu. Alikuwa ameinuka kwenye tandiko, viwiko vimefunguka, kofia imeteremka usoni, na baiskeli chini yake ilionekana pana na ndefu na isiyo na haraka ya kumtii. Alikuwa mbali kiasi cha nyumba nne. Mteremko ulikuwa mkali na kokoto zilikuwa zikiruka. Genge lilikuwa upande wake wa kushoto, karibu kama ukingo wa kitanda.

Neno likapanda kooni mwa Dada Futi. Alilijua. Lilikuwa ndilo lile, lilikaa humo miaka thelathini na zaidi likingoja siku yake, na mdomo wake ulishafunguka kulitoa: simama!

Hakulitoa. Alilikamata kwa meno. Kwa maana ni nani aliyejua kuliko yeye? Mtu kwenye fremu kubwa yuko salama akiwa anakwenda. Kinachomwangusha ni kusimama. Kibiriti akisimama pale, angenyoosha mguu wa kushoto kama watu wengi wanavyofanya, na upande wa kushoto hapakuwa na ardhi, si ya karibu wala ya mbali.

Lakini Kibiriti alikuwa ameshamwona. Ameona mtu katikati ya njia, na vidole vyake vinaanza kukaza breki.

Dada Futi alijitupa mtaroni. Alitumbukia kwenye tope hadi magotini, akajishikiza mwamba, na akapiga kelele kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

“Usisimame! Njoo! Usisimame!”

Kibiriti, ambaye kwa kawaida haambiwi neno bila kujibu mawili, aliisikia sauti ile na vidole vikalegea. Akapita. Upepo wake ulimpiga Dada Futi usoni. Naye akatoka mtaroni, kandambili moja ikibaki kwenye tope, akakimbia nyuma yake akiteremka mlima uleule uliomtetemesha kuupanda, akipiga kelele kibandani, kibandani, mguu wa kulia kwenye zege, wa kulia, wa kulia.

Baiskeli ilipunguza mwendo. Ilifika kwenye kizingiti. Ikayumba kushoto mara moja, na moyo wa Dada Futi ukasimama kabla ya baiskeli. Kisha mguu mfupi wenye buti nene ukatoka upande wa kulia, ukagusa zege, ukakaa.

Dada Futi alifika, akaishika fremu kwa mikono yote miwili na kuikumbatia, kana kwamba ndiyo iliyotaka kuanguka, akaanza kulia. Kibiriti akashuka kwa kujiburuza upande. Aliinua mguu wa suruali, akamwonyesha: muundi wa kushoto ulikuwa umechubuka tangu gotini hadi kwenye buti, damu imeshakauka. Alijaribu kusimama huko juu penye tangi, mahali penye mwinamo mdogo tu, akaanguka. Akadhani ni ugeni wa baiskeli.

“Uliniambia futi haidanganyi,” alisema.

“Futi haikudanganya. Mimi nilisahau kutoa tatu.”

Kibiriti aliwaka kama jina lake. Alisema yote, na hakuna hata moja ambalo Dada Futi hakustahili, nasi hatutayarudia. Alipomaliza akaona kwamba mwenzake ana kandambili moja na kwamba miguu yake inatetemeka kiasi kwamba futi shingoni inacheza. Akamuuliza kama amepanda huku kwa miguu. Akamuuliza kama si yeye yule ambaye watu husema anaogopa ngazi. Dada Futi akakubali kwa kichwa. Wakateremka wakiisukuma baiskeli, Kibiriti upande wa genge.

Dukani kaka alikuwa ameketi nje juu ya kreti, simu kiganjani. Alipowaona wote wawili wanatembea, akaingia ndani haraka ili wasimwone uso. Mchana huo alimfungia Kibiriti fremu ndogo kwa mikono yake mwenyewe, akahamisha breki na usukani, na Dada Futi akampima mara tatu kwa futi mpya, ambayo wifi aliirudisha mbio baada ya kusikia. Safari hii alimjaribisha peku. Vidole vinne, bila wasiwasi. Futi ya zamani kaka aliitia mkasi vipande vipande, yeye asiyetupa nati.

Kibiriti alipoondoka, Dada Futi alibaki amesimama karibu na ukuta wake. Bado alikuwa anaogopa. Hofu ilikuwa imepoteza kazi yake lakini haikutaka kwenda nyumbani. Akamwambia kaka, bila kumtazama, kwamba kuna jambo hajawahi kumwambia. Siku ile ya kalavati. Kwamba kulikuwa na mtu aliyepiga kelele ya simama, na kwamba ndiyo maana breki zikabanwa, na kwamba mtu huyo alikuwa yeye.

Kaka alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Aliendelea kuipangusa.

“Tulikuwa wawili tu kwenye baiskeli, mdogo wangu. Ulidhani nilifikiri ni nani? Keria?”

“Ulijua? Miaka yote hii?”

“Nilidhani umesahau. Nikaona heri usahau.”

Alilia tena, na kaka akamwacha alie, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anahangaika na kitambaa. Waliona haya kidogo, kama waonavyo haya watu waliotunziana siri moja, kila mmoja kivyake. Kisha kaka akachechemea hadi kwenye msumari, akachukua futi ya manjano, akachukua na kile kitabu cha jalada gumu. Akamwambia avue kandambili, hiyo moja iliyobaki, na aweke visigino ukutani.

“Naogopa,” Dada Futi alisema.

“Najua.”

“Na nikiogopa nikiwa njiani?”

“Piga kelele. Mimi nimeshazoea.”

Akabana kitabu. Kaka akainama kwa shida kwa ajili ya goti lake, akaweka kibati cha futi sakafuni, akasoma kwa sauti sabini na moja, na akachora mstari ukutani katikati ya mistari ya watu wengine.